Kaunta buku la mama: jibu kwa binti asiyetaka harusi ya michango

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 31, nafundisha sekondari ya serikali, naishi Tabata na mama. Mama ni mjane tangu 2013, anauza samaki wa kukaanga. Mimi na mwenzangu tumekubaliana harusi ya kawaida: kanisani asubuhi, chakula cha watu hamsini nyumbani, basi. Hatutaki kamati wala kadi za michango. Mwaka jana peke yake nimechangia harusi kumi na moja, na mshahara ukishakatwa ile asilimia 15 ya bodi ya mikopo unajua kinachobaki. Nilipomwambia mama alilia. Akanitolea kaunta buku lake, humo ameandika kila mchango aliotoa tangu 2004. Akasema, "Hizi zote ni zako, unataka nikazifukie wapi?" Mjomba anasema najifanya mzungu. Chuoni tulifundishwa kwamba jamii ndiyo inayomtengeneza mtu. Je, uamuzi wa mtu mmoja unaweza kubadilisha chochote, au najisumbua tu? Jumapili ijayo kuna kikao cha familia. Naomba jibu kabla.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu macho yangu yamegota kwenye kaunta buku la mama. Umeniuliza swali ambalo chuoni mlilijibu kwa kurasa kumi za mtihani. Mimi nitalijibu kwa daftari hilo, maana jibu limo humo, na tukilisoma vizuri utaona kwa nini mama amelia na kwa nini wewe nawe una haki.

Tuanze na lililo jepesi. Hakuna sheria inayokulazimisha. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mtoe taarifa ya kusudio la kuoana angalau siku 21 kabla, inataka ridhaa yenu wawili, mfungishaji ndoa mwenye mamlaka, na mashahidi wasiopungua wawili. Inasema hata kwamba ndoa haiharibiki kwa sababu taratibu za kimila za mahari au zawadi hazikutimizwa. Ukumbi haumo humo. Keki haimo. Emsii hayumo. Kwa upande wa serikali, mngeweza kwenda bomani asubuhi na adhuhuri mkawa mmesharudi Tabata mnakula chipsi.

Lakini usingizi hupati. Hapo ndipo sosholojia, elimu ya jamii, ilipoanzia. Émile Durkheim, Mfaransa, aliandika mwaka 1895 kwamba ziko namna za kutenda na kufikiri ambazo mtu anazikuta, hakuzitunga, na zina nguvu ya kumlazimisha. Mtu anayezifuata haioni hiyo nguvu. Anayekataa ndiye anayeijua. Harusi kumi na moja ulizochangia mwaka jana ulijiona unatoa kwa moyo wako, labda ukinung'unika kidogo mwisho wa mwezi. Siku uliyosema "mimi sitaki" ndiyo siku mama alipolia na mjomba akakupa jina. Hilo neno "mzungu" alilokuita lichukulie kama faini. Jamii haina askari wa kukutoza, ina majina, na majina yanauma.

Walimu wengi wanaishia hapo, na wanafunzi wanatoka darasani wakiamini jamii ni kitu kikubwa kilichotanda juu yetu kama wingu la masika. Mimi sikubaliani nao. Hiyo nguvu nimeiona ikitengenezwa mezani, na mimi nikiwa miongoni mwa mafundi wake.

Mwaka 2011 nilikuwa katibu wa kamati ya harusi ya mtoto wa jirani yetu, Sinza. Vikao vilikuwa Ijumaa jioni nyuma ya baa moja, viti vya plastiki vimepangwa duara, mbele ya kila mtu kinywaji kilicholipwa na mwenye shughuli. Kazi yangu ilikuwa kusoma orodha kwa sauti: jina, ahadi, alichokwisha kutoa, salio. Alikuwepo bwana mmoja fundi wa mafriji. Nilijua kwa hakika kwamba mwenye nyumba anamdai kodi, kwa sababu mke wake alikuja kukopa kwangu wiki ileile. Siku ya kutaja ahadi, aliyemtangulia alikuwa mfanyakazi wa benki. Akasimama, akasema, "Laki mbili." Makofi. Mwenyekiti akachombeza, "Sasa wanaume wanaanza kuonekana." Fundi akainuka, akapangusa uso kwa kiganja, akasema, "Na mimi niandikieni laki mbili." Nikaandika. Nakumbuka nilipiga mstari kwa rula chini ya jina lake, mstari mzuri ulionyooka.

Kikao kilipoisha tulitembea watu sita kuelekea kituoni. Nikawauliza mmojammoja, kwa mtindo wa soga, ile bajeti wanaionaje. Wote waliniambia imezidi. Hata yule wa benki. Alisema alitaja laki mbili kwa kuogopa kwamba mtu wa benki akitaja chini ya hapo ataonekana ana dharau. Watu sita hawakuitaka bajeti ambayo wote sita waliipigia makofi nusu saa iliyopita. Kila mmoja alikuwa akimwangalia mwenzake anavyopiga makofi, akidhani mwenye moyo mzito ni yeye peke yake.

Sasa jiulize jioni ile nguvu ya jamii ilikuwa imekaa wapi. Ilikaa kwenye vile viti vya duara, kila mtu anamwona kila mtu. Ilikaa kwenye utaratibu wa kutaja kwa mdomo mbele za watu. Ilikaa kwenye kalamu yangu. Kama ningepitisha bahasha, yule fundi angeweka elfu thelathini na mke wake asingenikwepa njiani mwaka mzima. Sikupitisha bahasha, kwa sababu makatibu wote niliowaona kabla yangu walisoma orodha. Hilo bado linanisumbua ninapokuandikia.

Kwa hiyo usiniulize kama jamii ina nguvu kuliko mtu, kana kwamba ni wapiganaji wawili ulingoni. Nguvu ya jamii ni watu wanaotazamana. Kila uamuzi wako ni sehemu ya kinachowasukuma wengine, na uamuzi wao ni sehemu ya kinachokusukuma wewe. Ulipochangia harusi ya kumi na moja, jina lako liliposomwa, kuna mwalimu mwenzako alipiga hesabu kwamba kama wewe umetoa, yeye hawezi kuacha.

Mmarekani mmoja, Mark Granovetter, aliliweka jambo hili kwa mfano mwaka 1978, na kila mwaka niliutumia darasani. Chukua watu mia moja uwanjani. Wa kwanza yuko tayari kuanza vurugu hata akiwa peke yake. Wa pili anataka aone mtu mmoja kaanza, wa tatu anataka aone wawili, wa nne watatu, hivyohivyo hadi wa mia. Wa kwanza akirusha jiwe, wa pili anafuata, kisha wa tatu, mwisho uwanja mzima umeingia. Sasa mbadilishe mtu mmoja tu: yule wa pili, badala ya kutaka aone mmoja, anataka aone wawili. Wa kwanza atarusha jiwe na atabaki peke yake. Mpita njia akitazama uwanja wa kwanza atasema ule ni mji wa wahuni, na akitazama uwanja wa pili atasema ni mji wa watulivu wenye mwendawazimu mmoja. Watu tisini na tisa kati ya wale mia ni walewale.

Weka harusi mahali pa mawe. Wewe uko tayari kuanza peke yako. Kama aliye karibu nawe anahitaji kuona mmoja tu kabla hajathubutu, harusi yako itazaa nyingine. Kama anahitaji kuona watatu, miaka kumi ijayo utatajwa Tabata kama yule mwalimu mchoyo, na mambo yatabaki yalivyo. Moyo wako ni uleule katika hali zote mbili. Kinachotofautiana ni nani amesimama nyuma yako. Ndiyo maana nitakusumbua baadaye kuhusu majina.

Kabla ya hapo tumalize la mjomba, kwa sababu watu wengi wanamwamini, na yeye mwenyewe anaamini anatetea mila.

Sensa ya 1967 ilihesabu watu 272,821 Dar es Salaam. Ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728. Mimi nimekulia Magomeni. Dada yangu mkubwa aliolewa mwaka 1973 na harusi ilikuwa uani kwetu. Mchele ulichambuliwa siku mbili kabla, wanawake wa mtaa wamekaa kwenye majamvi na nyungo mapajani. Masufuria yalitoka nyumba saba au nane, na mengine yamekwaruzwa alama kwa msumari chini ili yasipotee. Jirani yetu mmoja, mzee aliyekuwa hana kitu, mchango wake ulikuwa kuchota maji usiku kucha kwenye bomba la mtaa. Asubuhi mapipa yote yalikuwa yamejaa na yeye amelala barazani, na mama yangu akasema asiamshwe mpaka pilau iive. Mchango ulikuwa mikono, kuni, kilo ya mchele, sufuria. Usingeweza kuuandika kwenye orodha ya salio.

Kisha mji ukatawanyika. Aliyekuwa jirani Magomeni amejenga Chanika, mwenzake yuko Goba, mwingine Kigamboni. Hawawezi kuja kuchambua mchele Alhamisi, wako kazini, na foleni unaijua. Ikabidi pawepo mahali pa kati pa kukutania, ndipo ukumbi. Wapishi wa mtaa hawapo tena, ndipo mpishi wa kukodi. Cha kukodi kinataka fedha taslimu, na fedha nyingi kwa mara moja zinataka kamati. Bidhaa zilipoanza kuingia kwa wingi miaka ya 1980, masharti ya uagizaji yalipolegezwa, zikaja na kamera za video, na harusi ikaanza kuwa kitu cha kutazamwa hata na asiyekuwepo. Bara hatukuwa na televisheni mpaka 1994. Ilipokuja ikatufundisha haraka harusi ya watu wengine inafananaje. Mwaka 2008 zikaja huduma za kutuma pesa kwa simu, mtu akaweza kuchanga bila kutia mguu. Halafu grupu za WhatsApp. Orodha niliyoisomea watu ishirini nyuma ya baa Sinza, leo inabandikwa usiku mbele ya watu mia mbili, na alama ya kijani kwa aliyemaliza. Kwa asiyemaliza nafasi ni tupu, nayo inaonekana kuliko alama yenyewe.

Hakuna kikao kilichokaa kikaamua harusi za Dar ziwe hivi. Kila hatua ilikuwa na sababu ya maana kwa aliyeichukua. Aliyekodi ukumbi wa kwanza alikuwa anawahurumia wageni wa mbali. Aliyefungua grupu la kwanza alitaka kupunguza gharama ya kupiga simu. Maamuzi ya watu wenye akili timamu yakapangana juu ya mengine, yakawa jengo ambalo hakuna aliyelichora, na sasa wote tumo ndani tunatafuta mlango. Mjomba anatetea kitu chenye umri mdogo kuliko wake. Usimwambie hivyo kikaoni, mjomba ni mjomba, lakini wewe ulijue.

Sasa kaunta buku. Hapa nitakuwa mkali kwako kidogo, na naomba unisamehe.

Durkheim alikuwa na mpwa, mtoto wa dada yake, aitwaye Marcel Mauss. Mwaka 1925 Mauss alichapisha utafiti kuhusu zawadi katika jamii nyingi za dunia, akaonyesha kwamba zawadi ina wajibu wa aina tatu: kutoa, kupokea, na kurudisha. Watu wanazungumzia sana wa kwanza na wa tatu. Wewe unataka kuuvunja wa pili, wajibu wa kupokea, na ndio unaoumiza kuliko yote. Ukikataa kutoa, watu watasema huna. Ukikataa kupokea, unamwambia mtu kwamba hutaki kufungamana naye. Mama amelisikia hilo hata kama wewe hukulisema.

Tena angalia fedha zilivyokaa. Wewe ni mtumishi wa umma. Una kadi ya NHIF, mfuko wa bima ya afya uliowaanzia watumishi wa umma mwaka 2001, nusu ya mchango anatoa mwajiri. Una pensheni inayokatwa kila mwezi. Mama yako anakaanga samaki. Hakuna mwajiri aliyewahi kumchangia hata senti. Bima yake na pensheni yake ameziandika kwa kalamu ya wino tangu 2004. Umesema baba alifariki 2013. Fungua kurasa za mwaka ule, halafu mwombe akusimulie nani alifika msibani, nani alileta gunia la mchele, nani alikesha naye siku arobaini. Utakuta ni majina yaleyale yaliyo kwenye kurasa za 2008 na 2010. Daftari lile limeshafanya kazi mara moja. Yeye anajua. Wewe mwaka ule ulikuwa unasoma, na pengine hukuona ada ilitoka wapi.

Kwa hiyo unaposema "nimeamua", uwe mwangalifu. Uhuru wako wa kukataa haukuota wenyewe. Umejengwa na mshahara, bima, ajira ya serikali, elimu ambayo wengine walikusukuma nayo. Mwenye hivyo vyote anaweza kujitoa kwenye michango na bado akiugua akatibiwa. Anayeuza samaki akijitoa, amejivua nguo kwenye baridi. Nimewasikia wahamasishaji wengi mjini hapa wakiwafokea watu kwamba umaskini wao ni maamuzi yao, waache sherehe, wawekeze. Hawajawahi kukaa na kaunta buku kama la mama yako. Kwake yeye, mchango ndio uwekezaji uliokuwepo.

Na bado nasema una haki. Mfumo uliomsaidia mama unakunyonya wewe na kumnyonya yule fundi wa mafriji, kwa sababu umebadilika ukiwa mikononi mwetu. Mchango wa msiba ulimpelekea mchele mwenye njaa. Mchango wa harusi leo sehemu kubwa inakwenda kwa mwenye ukumbi, mpambaji, mpiga picha na keki ya ngazi tano, na maharusi wanaanza maisha na deni la ahadi ambazo hazikulipwa. Watu wanakopa kwa wale wa kausha damu ili wasiachwe na nafasi tupu kwenye grupu. Nimewaona. Lazima mtu aanze kusema, na heri aseme binti mwenye mshahara kuliko mama asiye nao.

Ni namna gani ya kusema ndiyo inayoamua. Nikupe mfano wa hapahapa mjini. Mwaka 1955 TANU ilikuwa na umri wa mwaka mmoja na wanawake hawakuonekana. Mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza aliuliza wako wapi. Kazi ya kuwaleta akapewa Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kiitwacho Bomba. Kufikia Oktoba mwaka uleule wanawake kama 5,000 walikuwa wamejiunga. Hakuna binadamu anayeweza kuwashawishi watu 5,000 mmojammoja kwa miezi michache, tena bila simu. Bibi Titi alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma. Wanawake wa Dar walikuwa tayari wamejipanga: walikuwa wanachangiana, wanazikana, wanavaa sare, wanajuana nani akisema neno linasikika. Kiongozi akikubali, kikundi kinakuja. Alikuwa mtu mmoja mwenye ujasiri wa ajabu, hilo sitalipunguza hata kidogo. Lakini ujasiri ule alipita nao kwenye njia ambayo jamii ilikuwa imeshaikanyaga kwa shughuli nyingine kabisa. Vikundi vya akina mama ambavyo leo unaviona ni mzigo ni ndugu wa vikundi vile.

Mfano wa pili ni mfupi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 1, 2019. Kabla ya hapo, aliyekwenda sokoni Buguruni na kikapu alikuwa peke yake na hakupunguza chochote. Faini ilisaidia, ila kilichosaidia zaidi ni tarehe: kila mtu alijua, na alijua kwamba wenzake wanajua, hivyo hakuna aliyebaki kuwa wa kwanza. Najua vile vifuko laini vya nyanya vilirudi kinyemela. Hata hivyo lile rambo la kubebea kila kitu halikurudi kama lilivyokuwa.

Wa tatu ni wa mbali, China, mwishoni mwa karne ya 19. Mabinti walikuwa wanafungwa miguu tangu utotoni ili ibaki midogo, kwa maumivu makali, kwa sababu asiyefungwa miguu hakupata mume wa maana. Mzazi aliyeacha peke yake alimponza binti yake. Vyama vilivyoipinga mila ile viliwaapisha wazazi mambo mawili kwa mkupuo: hatutawafunga miguu binti zetu, na wana wetu hawataoa waliofungwa. Nakusihi ukishike hicho kiapo cha pili. Kiliwahakikishia mabinti wale kwamba watakuwepo watu wa kuwaoa.

Wewe na kiapo chako cha kwanza umekipata: sichangishi. Cha pili bado huna.

Basi kabla ya Jumapili fanya hivi. Kaa na mama jioni moja, samaki wakishauzwa, na kaunta buku mezani. Usianze na harusi yako. Mwombe akusomee ukurasa kwa ukurasa, na kila jina akuambie ni nani. Weka alama ndogo kwa penseli. Wapo waliokwisha kufariki. Wapo waliorudisha siku ya msiba wa baba, na mama mwenyewe atakumbuka. Wapo ambao yeye ndiye anadaiwa. Wapo wenye watoto ambao hawajaoa wala kuolewa, hao wana lao moyoni. Sina shaka deni litakuwa dogo kuliko lilivyoonekana siku aliyolia, na hata lisipopungua, atakuwa amesikilizwa miaka yake ishirini na mtoto wake. Hilo ni deni pia, na ni lako.

Ukimaliza, muulize swali moja: "Mama, kati ya wote hawa, ni akina nani watano ambao wakifanya jambo, wengine wanafuata?" Atakutajia bila kufikiri. Akina mama wote wa mjini wanajua.

Hao watano mwende kuwaona, wewe na yeye, mmojammoja, nyumbani kwao. Usiwaambie hutaki michango. Waambie unaolewa kwa sherehe ndogo, na kwamba wanaotaka kumrudishia mama wamrudishie mama. Wapange siku yao, chakula cha mchana cha akina mama, kila mmoja alete alichonacho kwenye bahasha, bila kadi, bila orodha ya kusomwa, bila kiwango. Kitakachopatikana ni cha mama. Anunue friza la samaki kama anataka. Hapo kaunta buku linalipwa na ukumbi haupati kitu. Wajibu wa kupokea umetimizwa, na aliyepokea ni yule aliyetoa. Na waombe neno la pili, ndilo la Wachina: kwamba shughuli ya mmoja wao itakapofika, nao watakwenda kwa bahasha isiyosomwa. Wawili tu kati ya watano wakikubali, hauko peke yako uwanjani.

Kazini kwako fanya lililo rahisi zaidi. Kama mwaka jana kadi kumi na moja zilikufikia wewe, kuna walimu wenzako ziliwafikia hizohizo, na wamechoka kama wewe. Kubalianeni kiwango kimoja cha harusi kwa wafanyakazi wote, kidogo, kinachojulikana, kinachokwenda kwa mhazini mmoja. Kwa maoni yangu misiba iwe mbali na hesabu hiyo. Kwenye misiba usipunguze hata shilingi, na ukiweza kufika, fika. Mtu anayekataa harusi na anaonekana kwenye kila msiba, watu wanashindwa kumwita mchoyo hata wakitaka.

Sitakuficha kwamba utalipa. Kuna watakaosema, na wengine ni watu unaowapenda. Kuna kicheni pati ambazo hutaalikwa. Mwenzako naye ana mama, na sijui kama kwao mmeshalifikisha hili. Kama bado, lifikisheni mapema kabla halijawafikia kwa mdomo wa mtu mwingine.

Mjomba mpe kazi. Mwombe ndiye awapokee wakwe siku ya mahari na ndiye aseme kwa niaba ya baba yako. Nadhani sehemu ya ukali wake ni hofu kwamba harusi ya watu hamsini haina kiti cha mbele cha mjomba.

Na kikao cha Jumapili kiwe cha mahari na tarehe tu. Michango usiiweke kwenye ajenda. Wakiuliza, sema wewe na mama bado mnalizungumza, ambalo litakuwa kweli ikiwa mmekaa na daftari Alhamisi au Ijumaa. Ukishapata majina yale matano niandikie, pamoja na maelezo mafupi ya kila mmoja na watoto wake, nikusaidie kufikiria uanze na yupi.